Fahamu: Kwa nini aliyejidhuru huogopa hata hospitali

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Upande huu wa Kilimanjaro, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimelifanya jaribio hilo kosa la jinai. Basi anayepelekwa KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, huweza kumwogopa polisi kabla ya daktari.

Wapo wanaobeba aibu maradufu: wenye tatizo la haiba liitwalo bodalaini. Hisia zao hubadilika ghafla, hofu ya kuachwa huwatawala, na wengi hujidhuru tena na tena. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa hata wahudumu wa afya ya akili huwaona wasumbufu, watu wa kujitafutia huruma. Nadhani uchovu una sehemu yake, lakini mgonjwa anachokiona ni kununiwa tu.

Na hutibika! Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba yao mashuhuri, alieleza hadharani mwaka 2011 kuwa ujanani alilazwa kwa kujidhuru. Tiba hiyo huhitaji vikao vya kila wiki kwa miezi mingi. Kwa mkazi wa Marangu, nauli pekee ni mtihani.