Retina ikichanika robo nzima: matone ya dukani hayasaidii

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee macho. Kuna ugonjwa mmoja nadra sana, lakini ukikupata ni mbio, na ubaya wake ni kwamba hauumi. Sisi tunajijua: jicho lisipouma mtu anapita duka la dawa, ananunua matone, anasubiri wiki mbili aone itakuwaje.

Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho kwa ndani, ndio unaopokea picha. Mbele yake kuna ute kama jeli. Kadiri umri unavyokwenda ute hunywea na kujibandua kutoka kwenye retina, na pale uliponata sana huvuta mpaka retina inachanika. Mara nyingi ni tundu dogo tu. Likiwahiwa, daktari analizungushia leza na mgonjwa anarudi kwake siku hiyohiyo.

Ninaoongelea mimi ni mchaniko mkubwa. Chukua uso wa saa ya ukutani: unaanzia namba 12 unafika namba 3 au kupita, yaani robo ya duara au zaidi. Uingereza walipohesabu walikuta mtu mmoja hivi kwa kila watu 1,000,000 kwa mwaka. Hapo ukingo wa retina hukunjika na kulala juu ya sehemu iliyobaki, kama mkeka uliopinduliwa na upepo, na maji yanaingia nyuma yake.

Nani yuko hatarini? Kwanza sisi wenye minasi kubwa (mimi navaa minasi 8, ndiyo maana nalifuatilia suala hili). Jicho letu ni refu, retina imevutika na kuwa nyembamba. Pili, aliyepigwa jicho: ngumi, mpira, jiwe. Tatu, waliorithi udhaifu wa tishu, mfano ugonjwa wa Stickler au wa Marfan. Wengine wengi sababu haionekani kabisa. Na kabla hamjauliza: hapana, kukaa kafe unatazama kompyuta hakuchani retina.

Dalili ni vimulimuli kama radi hata gizani, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea ghafla, kisha kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja. Ukiona hivyo nenda kwa daktari wa macho leo, si Jumatatu. Kivuli kikishafika katikati, hata upasuaji ukifanikiwa uono hauwezi kurudi wote.

Upasuaji wenyewe ndio ulionishangaza. Zamani, ili kuikunjua retina, mgonjwa aliyelala kwenye meza ya upasuaji aligeuzwa kifudifudi, jamani, na daktari anafanya kazi kutokea chini! Mwaka 1970 Robert Machemer, kule Miami, alianza kuingia ndani ya jicho kupitia tundu dogo kwenye sehemu nyeupe na kuutoa ule ute. Miaka ya 1980 Stanley Chang wa New York akaleta kimiminika kinachokaribia uzito wa maji mara mbili. Kikidondoshwa nyuma ya jicho, kinaikunjua retina kutoka katikati kwenda pembeni na kuyasukuma maji yatoke. Retina ikishatulia, ukingo unachomwa kwa leza ushike.

Kimiminika hicho hutolewa, jicho linajazwa gesi au mafuta ya silikoni. Mafuta yanahitaji upasuaji mwingine baadaye kuyatoa. Gesi hupotea yenyewe, ila ikiwa bado imo ndege ni marufuku, maana hutanuka ukipanda juu na kulipofusha jicho. Hata basi la kupanda milimani muulize daktari kwanza.

Si kila aliyepasuliwa anapona moja kwa moja. Makovu yanaweza kuota juu ya retina na kuivuta tena, na mtu akarudi mezani mara ya pili au ya tatu. Mtoto wa jicho naye huja mara nyingi baada ya upasuaji huu, ila huyo anatolewa. Jicho la pili nalo lichunguzwe mapema, hata kama linaona vizuri: liko hatarini vilevile, hasa kama chanzo ni minasi au urithi.