Kapu la mavuno halipimi imani

Ikifika Jumapili ya mavuno, viwanja vya makanisa mjini Babati hugeuka mnada. Madebe ya mahindi, maboga, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu kwa katani. Mzee wa kanisa ananadi, jogoo ananunuliwa, aliyemnunua anamrudisha anadiwe tena. Ni ibada yenye furaha, naipenda mno. Kinachoniuma ni macho yanayohesabu. Mwaka jana fulani alileta gunia, mwaka huu debe. "Huyu amepoa," mmoja ananong'ona. Wiki haijaisha, maneno yameshatiwa chumvi: amerudi nyuma kabisa.

Tukumbuke 2017. Agosti mwaka ule India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi inazoagiza kutoka nje. Huku kwetu mkulima wa Bonga au Gallapo huchanganya mahindi na mbaazi shamba moja: mahindi ya kula, mbaazi za ada ya shule na deni la dukani. Mnunuzi mkubwa alipobana, bei iliporomoka. Mwenzake mwenye mpunga Magugu, kwenye maji ya mfereji, hakuwa na habari na mbaazi. Wapitishe hao wawili mbele ya madhabahu Jumapili moja, kila mmoja na kapu lake. Tofauti unayoiona imeamuliwa New Delhi, nasi tunaisoma kama tofauti ya wokovu.

Na anayepimwa hujipima pia, hapo ndipo penye kidonda. Mkulima wa debe moja husikia minong'ono, na mwaka unaofuata habanduki nyumbani. "Niende na nini?" Amefungiwa mlango wa kanisa na watu waliokuja kumshukuru Mungu.

Petro naye yalimkuta. Katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohana, akiwa ametoka tu kurejeshwa baada ya kumkana Bwana, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine, akataka kujua la huyo litakuwaje. Yesu alimjibu kwamba hilo halimhusu. Yeye amfuate tu.

Wazee wetu wa kanisa, nawasihi: panaposomwa majina pamoja na kiasi, acheni. Na asiyeonekana Jumapili ya mavuno, mfuateni nyumbani bila daftari la ahadi. Mkikaribishwa, ulizeni kwanza habari za shamba na za watoto.