Huruma ya Siku Moja, Shida ya Miaka

Msiba unapotokea, waumini wetu hawana mkono mzito. Nyumba ikiungua au mtu akifiwa, bahasha hujaa na mchele hufika kabla ya jioni. Kazi ngumu ni kwa mjane anayedaiwa kodi ya chumba mwezi huu, kama alivyodaiwa mwezi uliopita na atakavyodaiwa mwezi ujao. Mara ya kwanza anachangiwa kwa machozi. Mara ya nne watu wanaanza kunong'ona.

Tatizo hili ni la zamani, na Kanisa limewahi kulitafutia dawa. Mnamo Agosti 1617, padri Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa. Jumapili moja, akijiandaa kwa Misa, aliambiwa kuna familia nje ya mji ambayo karibu wote walikuwa wagonjwa, hakuna wa kumuuguza mwenzake. Akaitangaza habari hiyo katika mahubiri. Alipokwenda mwenyewe baada ya sala za alasiri, alikuta njia imejaa wanawake, wengine wakipeleka vyakula, wengine wakirudi. Akatambua kwamba sehemu ya chakula hicho itaoza, kisha familia irudie njaa ileile. Siku chache baadaye wanawake hao walikusanyika wakapangiana zamu, kila mmoja na siku yake. Kanuni za chama chao ziliagiza mhudumu aanze kwa mgonjwa mwenye ndugu karibu na amalizie kwa asiye na mtu, ili apate muda mrefu zaidi wa kukaa naye.

Vinsenti alikuwa anafuata njia ya Kanisa la mwanzo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia jinsi wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo, na majina yote saba ni ya Kigiriki: dalili kwamba kazi ilikabidhiwa watu wa upande ulioumia. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unataja orodha ya wajane wasiopungua miaka 60, na unawataka watoto na wajukuu watunze wazee wao kwanza, ili kanisa limudu kumtunza asiye na mtu. Katikati ya karne ya 3, Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likitunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Idadi hiyo hailishwi kwa mchango wa ghafla.

Hekima basi inaanza kwa kujua ni shida ya aina gani. Ipo yenye mwisho: aliyeachishwa kazi, au mgonjwa anayetarajiwa kupona. Huyo avushwe kwa miezi kadhaa, na siku ya kuangalia upya ipangwe tangu mwanzo. Ipo inayojizaa yenyewe, kama ya aliyenaswa na mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Ukimpa hela ya unga, jioni inaishia kwa mkopeshaji. Anahitaji mtu wa kukaa naye wahesabu deni lote, wazungumze na anayemdai, kisha aingie kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Ipo pia shida isiyokwisha: mwenye ulemavu mkubwa, mzee asiye na mtoto, bibi anayelea wajukuu yatima. Mtaji wa vitumbua haumfai bibi wa miaka 80. Anachohitaji ni kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana, bila kuomba upya kila mara.

Wapo wanaohofia utegemezi, na hofu yao ina msingi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hupewa mwenye nguvu ya kulishika. Hata Mtume Paulo, alipowaonya Wathesalonike, alimlenga anayekataa kufanya kazi, si anayeitafuta akaikosa wala asiyeiweza. Kumkatia msaada asiyeweza kwa jina la kujitegemea ni kumtwisha lawama juu ya umaskini.

Wanaoweza kutofautisha shida hizi ni majirani. Ndiyo maana jumuiya ndogo ndogo ni mahali bora pa kazi hii kuliko ofisi ya parokia peke yake. Watu wawili wanaotunza siri wamtembelee mhitaji, wamuulize kwanza yeye anaona nini kitamsaidia, na jina lake lisitangazwe kanisani. Naye aendelee kuombwa ushauri, sala na huduma anazoziweza, kwa sababu bado ni mwanajumuiya kamili.

Fedha nayo ipangwe. Parokia au usharika unaoweza kukadiria mwaka mzima gharama za umeme, rangi na vipaza sauti unaweza pia kutenga fungu la wajane wake. Fungu hilo likiwa dogo, lianze na mtu mmoja, na mwezi wa kumi na mbili afikiwe kwa heshima ileile aliyopewa mwezi wa kwanza.