Hali ya Hewa Ndiyo Huamuru Safari ya Chavua

Ndugu askari na polisi, wengi wenu mmelima mahindi, ama nyumbani ama katika mashamba ya kambi. Basi mwafahamu kwamba mashada yaliyo kileleni mwa mahindi hayatoi unga wake alfajiri, umande ungali juu ya majani. Hungoja jua lipande na umande ukauke, ndipo upepo mdogo tu ukipita, unga wa manjano humwagika ukashika nguo za mpitaji. Unga huo huitwa chavua, nao ndio uchukuao mbegu ya kiume ya mmea.

Miti nayo ina desturi hiyo hiyo. Ile inayotegemea nyuki huwa na maua mazuri yenye utamu, na chavua yake ni kidogo, tena yanata. Ile inayotegemea upepo haina haja ya urembo, kwani upepo hauna macho. Badala yake humwaga chavua nyingi mno, ili walau chembe moja katika maelfu ifike ipasapo. Hizo nyingine zote huanguka popote, hata katika pua na macho ya watu.

Tumechagua mfano wa Japani, kwa sababu huko jambo hili limekuwa shughuli ya serikali nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, milima ya nchi hiyo ilikuwa imekatwa miti kupita kiasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilipandwa kwa wingi miti iitwayo sugi, ambayo ni jamaa ya mitarakwa ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Nia ilikuwa njema, maana mbao zilihitajika. Lakini baadaye mbao za kutoka nchi za nje zikawa rahisi zaidi, na sugi wakaachwa wasimame. Mti huo ukikomaa, kwa kadiri ya miaka 30, hutoa chavua nyingi sana. Mwaka 1964 madaktari waliandika habari za ugonjwa wa chavua ya sugi katika mji wa Nikko. Uchunguzi wa mwaka 2019, uliofanywa kwa madaktari wa masikio, pua na koo pamoja na jamaa zao, ulionyesha kwamba karibu watu 39 katika kila 100 walikuwa nao.

Wajapani wamejifunza kusoma mbingu mapema. Maua ya kiume ya sugi hutungwa wakati wa kiangazi cha mwaka uliotangulia. Kiangazi kikiwa cha joto na jua kali, maua huwa mengi. Kisha huja baridi, maua yakalala. Ili kukisia siku yatakapoamka, wataalamu hujumlisha joto la kila siku tangu Januari mosi. Jumla ikifikia kiasi fulani, chavua huanza kutoka, kwa kawaida mwezi Februari.

Msimu ukiisha kuanza, hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo hushika amri. Hewa kavu hukausha vifuko vya chavua hata vikapasuka. Upepo huyatikisa matawi, na mlima mzima hufuka ukungu wa manjano, hata mtu asiyejua akadhani msitu unawaka moto. Jua la mchana huipasha ardhi joto, hewa ikapanda juu na chavua ndani yake, ikasafirishwa makumi ya kilomita hadi mijini. Jioni hewa hupoa, na zile chembe zilizokuwa juu hushuka. Kwa hiyo katika jiji la Tokyo kuna saa mbili mbaya, adhuhuri na wakati wa machweo.

Mvua huosha hewa na kuwapa wagonjwa nafuu. Hata hivyo nafuu hiyo ni ya muda. Kesho yake jua likitoka na upepo ukivuma, chavua iliyozuiliwa jana hutoka pamoja na ya leo, nayo siku hiyo huwa kali kuliko zote.

Yawapasa askari kulijua jambo hili kwa sababu ya kazi. Mlinzi anayepiga chafya mfululizo hujitangaza mahali alipo, na dereva macho yakimtiririka machozi haoni barabara vema. Tena, baadhi ya dawa za zamani za mzio huleta usingizi mzito. Haifai kuzimeza na kisha kushika usukani au bunduki, bali mganga wa kikosi aulizwe kwanza.

Wala isidhaniwe kwamba madhara ni chafya tu. Tarehe 21 Novemba 2016, katika jiji la Melbourne, Australia, joto lilifikia nyuzi 35, na jioni ikaja mvua ya radi. Chavua ya siku hiyo ilikuwa ya nyasi, si ya miti. Chembe nzima ya chavua ni kubwa, hukwama puani. Lakini wataalamu wanaeleza kwamba unyevu wa ile dhoruba ulizipasua chembe zikawa vipande vidogo mno, na ule upepo wa baridi utanguliao mvua, ambao kila askari aliyelala porini anaujua, ukavisukuma chini hadi katika mapafu ya watu. Kwa saa chache maelfu walishikwa na pumu, wakiwemo wengi ambao hawakupata kuugua pumu maishani. Magari ya wagonjwa hayakutosha. Polisi na wazima moto waliitwa kusaidia. Watu 10 walikufa.

Serikali ya Japani iliazimia mwaka 2023 kupunguza mashamba ya sugi kwa sehemu moja ya tano katika miaka 10, na kupanda badala yake miti isiyo na chavua nyingi. Huko Melbourne, kila mwaka kuanzia Oktoba mosi hadi mwisho wa Desemba, wananchi hutangaziwa mapema siku ambazo chavua na radi huenda zikakutana.