Diski Inapoanza Kufa

Kompyuta isiyowaka kabisa hujitangaza yenyewe kuwa ni mbovu, na mwenyewe huipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Lakini kompyuta inayoganda kwa nusu dakika, kisha ikazinduka na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, humpa mwenyewe matumaini yasiyo na msingi, akaizima na kuiwasha, akafuta programu mbili tatu, akalaumu virusi, na wiki zikapita. Pale ambapo chanzo cha kuganda huko ni diski, yaani kifaa kinachohifadhi mafaili yote hata umeme unapokatika, wiki hizo ndizo ghali kuliko zote, kwa kuwa ndizo ambazo picha za watoto, tasnifu, hesabu za duka na nakala za hati za kiwanja zingeweza kunakiliwa kwa urahisi na bila gharama. Ushauri unaotolewa kwa kawaida huanza na jinsi ya kuitengeneza kompyuta. Mpangilio huo una kasoro kubwa, kwa sababu baadhi ya hatua za matengenezo ndizo zinazoimalizia diski iliyodhoofika, na kwa hiyo inafaa kwanza ieleweke ni nini hasa kinachotokea ndani ya kifaa hicho kompyuta inapoganda.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956 ikiwa sehemu ya mtambo ulioitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. Umbo limepungua mno, lakini kanuni imebaki ileile. Ndani ya kasha lililofungwa zimo sahani laini zilizopakwa utando wa sumaku, ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, umbali wa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, na hata chembe ya moshi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Ndiyo maana kasha la diski halifunguliwi juu ya meza ya kawaida. Data huandikwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, ambavyo katika diski za zamani vilibeba baiti 512 kila kimoja na katika nyingi za sasa hubeba baiti 4,096, na kila sekta huambatana na tarakimu za ziada za kusahihishia makosa, ambazo huiwezesha diski kutambua kwamba ilichokisoma kina kasoro na mara nyingi kukirekebisha papo hapo bila mtumiaji kujua.

Kuganda huanza pale ambapo marekebisho hayo ya kimyakimya hayatoshi tena. Kichwa kinapopita juu ya sekta iliyodhoofika, iwe kwa sababu utando wa sumaku umekwaruzwa au kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuandika, diski haikiri mara moja kwamba imeshindwa. Husubiri sahani izunguke tena, husogeza kichwa kidogo upande huu na upande ule, hubadilisha mbinu za kusahihisha, na hurudia hayo mara nyingi, mithili ya msomaji anayeukazia macho mstari mmoja wa waraka ulioliwa na mchwa huku wenzake wote wakingoja ageuze ukurasa. Diski za kompyuta za nyumbani zimeundwa makusudi ziwe na ung'ang'anizi huo, kwa kuwa katika nyumba nyingi nakala iliyomo ndani yake ndiyo ya pekee. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huingoja diski hadi sekunde 60 kabla ya kuamua kuianzisha upya, na Linux huingoja sekunde 30, kisha jaribio huweza kurudiwa tangu mwanzo. Na kwa kuwa mfumo endeshi huitumia sehemu ya diski kama nyongeza ya kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, hata programu isiyohusika kabisa na faili lililoharibika hujikuta kwenye foleni hiyohiyo, na kompyuta nzima huonekana imekufa ilhali kinachongojwa ni jibu la ombi moja tu.

Hata hivyo, si kila kuganda hutokana na diski, na kununua kifaa kipya kwa shuku tupu ni kupoteza fedha. Diski mbovu mara nyingi huacha mshale wa kipanya ukitembea ilhali madirisha hayaitikii, kisha baada ya muda kila kitu kilichobofywa hufunguka kwa mkupuo mmoja. Ushahidi wenye uzito zaidi hupatikana kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ambapo Windows hufungua dirisha linaloonyesha kila sehemu ya kompyuta inashughulika kwa kiasi gani. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa maana wakiona diski imefikia asilimia 100 huhitimisha papo hapo kwamba imeharibika, ilhali Windows 10 au 11 juu ya diski ya sahani hufikia kiwango hicho kila inapopokea masasisho au programu ya kinga inapokagua mafaili, na hilo ni kuelemewa na kazi, wala si ugonjwa. Kinachotia hofu ni asilimia 100 inayoambatana na mwendo wa data unaokaribia sifuri, huku muda wa kujibu ukihesabiwa kwa maelfu ya milisekunde. Windows pia huandika hitilafu za diski katika daftari lake la matukio, na humo tukio la diski lenye namba 7 humaanisha sekta mbovu, na namba 153 humaanisha kwamba ombi lilibidi lirudiwe.

Visababishi vingine vina tabia zake. Joto huigandisha au kuizima kompyuta baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, feni ikivuma kwa nguvu, na dawa yake huwa ni kuondoa vumbi. RAM mbovu huleta skrini ya buluu yenye ujumbe tofauti kila mara bila mpangilio unaoeleweka, na programu kama MemTest86 ikiachwa ifanye kazi usiku kucha huweza kuifichua. Iliyo rahisi kusahaulika ni kebo inayoiunganisha diski na bodi kuu, ambayo ikilegea au kupata kutu, kama inavyotokea katika hewa ya chumvi ya pwani, huzaa dalili zilezile za diski inayokufa, ingawa bei yake ni ndogo mno. Jaribio linalotenganisha mambo haya vizuri kuliko yote ni kuichomoa diski na kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi: ikifanya kazi saa kadhaa bila kuganda, shuku juu ya diski huwa imepata nguvu, ikiganda vilevile, diski haina hatia.

Diski yenyewe huweka kumbukumbu za afya yake katika mfumo unaojulikana kwa kifupi cha SMART, uliotokana na kazi za IBM na Compaq katika miaka ya 1990, na programu za bure kama CrystalDiskInfo kwa Windows au smartmontools kwa Linux huzisoma kumbukumbu hizo. Katika orodha ndefu inayotokea, namba 5 huhesabu sekta mbovu ambazo nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na sekta za akiba, 197 huhesabu zile ambazo zimeshindwa kusomeka na zinangoja uamuzi, 198 zile zilizothibitika hazisomeki, na 199 huhesabu makosa yaliyotokea njiani, ambayo humwelekeza mkaguzi kwenye kebo. Namba 9 ni saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, na mnunuzi wa kompyuta iliyotumika, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, angefanya vyema kuitazama kabla ya kulipa, kwani mwaka mzima una saa 8,760 na diski yenye saa 40,000 imekwisha kula umri wake mwingi.

Mfumo huo hata hivyo una mipaka, na mipaka hiyo inajulikana kwa takwimu. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na wakaonyesha kwamba diski iliyopatikana na kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko diski isiyo na kosa hilo. Lakini walionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya ishara nne kuu za onyo. Maana yake ni kwamba SMART ikitoa habari mbaya iaminiwe mara moja, na ikisema mambo ni shwari ilhali kompyuta inaganda, isichukuliwe kuwa ushahidi wa kuiachilia diski.

Mara shaka inapopata msingi, kila saa ya matumizi ya kawaida ni hasara. Kosa linalorudiwa mno, hata na mafundi wenye uzoefu, ni kuanza kwa amri ya chkdsk yenye kiambatisho cha /r, ambayo huilazimisha diski dhaifu kusoma kila sekta kwa saa nyingi na, inapokuta orodha za mafaili zimevurugika, huzirekebisha kwa namna inayoweza kuyapoteza mafaili yenyewe. Amri hiyo hutengeneza mpangilio wa mafaili, haiponyi sahani. Kinachopaswa kutangulia ni kunakili, tena kunakili bila kuhamisha, kwenye diski ya nje au kompyuta nyingine, kukianzwa na mafaili yasiyoweza kupatikana mahali pengine popote, na filamu na programu zikiachwa mwisho. Windows ikiwa imezidiwa, Linux ya kwenye flashi hutosha. Kwa diski iliyoharibika zaidi ipo programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zile ngumu na kuandika zilipo, kisha huzirudia mwishoni, kwa hiyo diski ikifa katikati ya kazi, sehemu kubwa ya mali huwa imekwisha kuokolewa. Anayeitumia hana budi kuhakiki mara mbili ipi ni diski ya kutoka na ipi ni ya kupokea, maana kuzibadilisha ni kufuta kila kitu. Aidha, kompyuta nyingi mpya za Windows huwa zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kufahamu, na diski ya namna hiyo ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine haifunguki bila ufunguo wa tarakimu 48, ambao unapaswa kutafutwa mapema, ilhali kompyuta bado inawaka.

Diski inayogonga kwa mlio wa kurudiarudia iko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu mlio huo mara nyingi ni wa vichwa vinavyoshindwa kupata mahali pake, na kila mzunguko zaidi huweza kuukwangua utando wenye data. Hiyo izimwe na isiwashwe tena. Ushauri wa kuiweka kwenye friza, ambao bado unazunguka, huleta umande ndani ya kasha. Na kubadilisha bodi ya diski kwa nyingine ya aina hiyohiyo hakusaidii kwa diski za kisasa, ambazo bodi zake hubeba vipimo vya diski ile moja tu. Kinachobaki ni maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake huzidi mara nyingi bei ya kompyuta, jambo ambalo familia yenyewe ndiyo inayoweza kulipima.

Diski za SSD, ambazo huhifadhi data kwenye chipu na hazina kinachozunguka, zimeondoa matatizo mengi ya mitambo, lakini zina ubaya wake: huweza kutoweka ghafla bila mlio wala dalili, na faili lililofutwa humo mara nyingi halirudishiki, kwa sababu mfumo endeshi huiarifu diski kwamba nafasi hiyo iko huru nayo huisafisha.

Kwa nyumba za Afrika Mashariki, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika, kwa kompyuta ya mezani ni kinga ya diski hasa, kwa kuwa hatari kubwa iko katika kukatizwa wakati wa kuandika. Lakini hakuna kinga inayozidi nakala ya pili, na kwa gharama ya bando ilivyo, diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa wiki, kisha ikachomolewa na kuwekwa chumba kingine, huzifaa familia nyingi kuliko hifadhi ya mtandaoni pekee. Huduma zinazolinganisha mafaili kati ya simu na kompyuta zisihesabiwe kuwa nakala, kwani kinachofutwa upande mmoja hufutwa na upande wa pili.

Baada ya kifaa kipya kufungwa na mafaili kurudishwa, hubaki diski ya zamani, ambayo mara nyingi huachwa kwa fundi au huuzwa pamoja na vyuma chakavu. Diski iliyoshindwa kuiendesha Windows bado inaweza kusomwa na mtu mwenye subira na programu ileile ya ddrescue, pamoja na nywila, taarifa za benki na picha za nyumbani zilizomo. Kwa hiyo ifutwe yote ikiwa bado inaandikika, na ikiwa haiandikiki, itobolewe kwa drili hadi sahani zote zitoboke.