MSIMBO WA QR: NANI ANAYESHIKA AMRI YAKE?

Siku hizi ni vigumu kupita mjini bila kuuona ule mraba mdogo wenye vidoa vyeusi na vyeupe. Umechapwa juu ya mabango, juu ya chupa na makopo ya vyakula, na hata katika kuta za maduka, ukimwalika mpita njia auelekezee simu yake ya mkononi. Mraba huo huitwa msimbo wa QR. Sisi tulio katika jeshi na polisi twakutana nao kama raia wengine, na wengi wetu tunao jamaa wafanyao biashara, au twatazamia kufungua duka siku ya kustaafu. Kwa hiyo yafaa tuelewe kwamba misimbo hii, ijapokuwa yafanana kwa sura, ni ya namna mbili, na kwamba kutojua tofauti yake kwaweza kumtia mtu hasara na aibu.

ASILI YAKE

Msimbo huu ulitolewa Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ambayo leo ni Denso Wave. Wakati huo viwanda vya magari vilitumia msimbo wa mistari, unaobeba herufi na tarakimu 20 hivi tu, na wafanyakazi walichoka kusoma misimbo mingi kwa sanduku moja la vipuri. Msimbo wa QR husomwa kwa upana na kwa urefu pia. Ule mkubwa kabisa, wenye vidoa 177 kila upande, waweza kubeba tarakimu 7,089. Tena una akiba ndani yake: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu, husomeka hata kama asilimia 30 hivi ya habari zake imeharibika. Wenye hataza hawakutaka kuwatoza watumiaji, nao ukaenea duniani kote.

NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni msimbo usiobadilika. Huo hubeba ndani yake neno lenyewe lililokusudiwa, kama vile anwani ya tovuti au nambari ya simu. Hauhitaji mjumbe katikati wala ada ya kila mwezi. Lakini mtu akichapa mabango 1,000, kisha anwani aliyoiandika ikaachwa, hana budi kuyachapa upya yote. Aidha, anwani ikiwa ndefu, vidoa huongezeka na kusongamana, na simu hupata taabu kuvisoma katika karatasi ndogo.

Namna ya pili ni msimbo unaobadilika. Kwa kweli mchoro wake haubadiliki hata kidogo. Hubeba anwani fupi ya mpatanishi, na simu hufika kwake kwanza ili kuelekezwa mahali palipoamriwa na mwenye tangazo. Mpatanishi huyo ni kama mlinzi wa lango anayepewa maagizo mapya kila zamu. Mwezi huu tangazo hupeleka watu kwenye bei za mbegu, mwezi ujao kwenye bei za mbolea, na bango ni lile lile. Zaidi ya hayo, mpatanishi huhesabu: watu wangapi wamefika, saa ngapi, kwa simu za aina gani, na kwa makisio wako mji gani. Mwenye duka akibandika msimbo mmoja sokoni na mwingine kituo cha basi, hujua upi unaomletea wateja. Hasara yake ni kwamba lango hilo mara nyingi ni mali ya mtu mwingine. Ada isipolipwa, au kampuni ya mpatanishi ikifungwa, misimbo yote hufa siku moja.

CHUPA ZA HEINZ

Kisa cha Ujerumani chatufundisha. Kampuni ya Heinz ilichapa misimbo juu ya chupa zake za sosi ya nyanya kwa ajili ya shindano lililofanyika kati ya mwaka 2012 na 2014. Shindano likaisha, na jina la tovuti halikushikwa tena. Likachukuliwa na wenye picha za uchafu. Mwaka 2015 mnunuzi mmoja alielekeza simu yake kwenye chupa, akakuta picha hizo, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Shindano lilikuwa limekwisha, lakini chupa zilikuwa zingali mezani mwa watu.

KWA WALINZI WA USALAMA

Katika jimbo la Texas, Marekani, mwishoni mwa mwaka 2021 na Januari 2022, wadanganyifu walibandika stika za misimbo kwenye mashine za kulipia maegesho katika miji ya San Antonio na Austin, ili madereva wapeleke fedha kwenye tovuti ya uongo. Mji wa Austin wenyewe haukuwa ukitumia misimbo kwenye mashine zake. Wezi hao walihitaji karatasi na gundi tu, kwa kuwa jicho la mwanadamu haliwezi kuusoma mraba.

Mpelelezi akumbuke pia kwamba msimbo unaobadilika waweza kuonyesha ukurasa safi leo na mtego kesho. Kuujaribu mara moja hakutoshi kuwa ushahidi. Aupige picha, aandike tarehe, saa na anwani iliyotokea, na stika yenyewe aihifadhi.

SHAURI LETU

Kwa jambo la kudumu, kama nambari ya simu ya duka, msimbo usiobadilika watosha. Kwa bei na matangazo ya msimu, unaobadilika wafaa zaidi. Lililo bora ni mfanyabiashara kuchapa anwani fupi ya tovuti yake mwenyewe, ili yeye ndiye awe mwenye lango, na aendelee kulilipia jina hilo maadamu bidhaa zake zingali majumbani mwa watu. Chini ya mraba aiandike anwani kwa herufi za kawaida. Naye mwananchi, simu ikimwonyesha anwani, ailinganishe na ile iliyoandikwa kabla ya kuifungua. Na akiona stika imebandikwa juu ya nyingine, asiguse pochi yake, atoe habari kituo cha polisi kilicho karibu.