Amiba Wanaokusanyika: Kiumbe cha Udongoni na Siri ya Seli Inayotembea

Neno amiba likitajwa katika zahanati zetu, mgonjwa na tabibu wote hufikiria ugonjwa mmoja: kuhara damu kunakosababishwa na Entamoeba histolytica. Makala haya yanamhusu jamaa yake wa mbali asiyemdhuru mtu. Jina lake la kisayansi ni Dictyostelium discoideum. Huishi katika udongo wa misituni, penye majani yaliyooza, na chakula chake ni bakteria. Mmarekani Kenneth Raper alimpata katika msitu wa North Carolina na kuchapisha maelezo yake mwaka 1935. Kwa nini watafiti wa tiba wamshughulikie kiumbe asiyeambukiza mtu yeyote, ilhali wagonjwa wa kifua kikuu wangali wanalazwa wodini? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba elimu haina mwisho.

Chakula kikiwapo, kila amiba huishi peke yake: hula, hukua, hugawanyika, na jirani hamhusu. Chakula kikiisha, mambo hubadilika. Baada ya saa chache za njaa, baadhi yao huanza kutoa kemikali kwa mapigo, takribani pigo moja kila dakika sita. Jirani anayelipokea hufanya mambo mawili: hutambaa kuelekea lilikotoka, kisha naye hutoa pigo lake, na hivyo mwito husambaa kama mawimbi. Amiba hufuatana kwa misururu mithili ya siafu, hadi kufikia laki moja katika rundo moja. Rundo hilo hurefuka likawa kitu kama konokono asiye na kombe, chenye urefu wa milimita mbili hadi nne, kinachotambaa kuelekea penye mwanga na joto. Mwishowe husimama wima. Takribani moja ya tano ya seli hufa na kuwa bua jembamba. Zilizosalia hupandishwa juu ya bua hilo na kugeuka spora. Yote haya huchukua saa 24 hivi. Wapo wanaokiita kifo hicho kujitoa mhanga; mimi nasita kutumia neno hilo kwa seli isiyo na nia.

Lakini mwito wenyewe ni nini? Mwaka 1947 John Tyler Bonner alilikabili swali hili kwa jaribio ambalo hata maabara ya sekondari ingelimudu. Aliwaweka amiba chini ya maji yanayotiririka polepole. Waliokuwa upande yanakoelekea maji waligeuka na kutambaa kuelekea kituo cha mkusanyiko. Waliokuwa upande yanakotoka hawakutambua lolote. Basi mwito ulikuwa kitu kinachoyeyuka na kuchukuliwa na maji. Kukitambua kitu hicho kulichukua miaka 20 zaidi, hadi Theo Konijn, Bonner na wenzao walipotangaza mwaka 1967 kwamba ni AMP ya mzunguko, ambayo kwa kifupi huandikwa cAMP.

Kemikali hiyo haikuwa ngeni katika tiba. Ndani ya seli zetu, cAMP hupeleka ujumbe wa homoni kama adrenalini. Na sumu ya kipindupindu humkausha mgonjwa kwa kuizidisha katika seli za utumbo. Tofauti ni kwamba amiba huitoa nje, ikawa lugha ya kuitana.

Hapa ndipo amiba anapokutana na hospitali. Bakteria wakiingia katika jeraha, chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili hutambaa kuwaelekea kwa kufuata kemikali, kisha huwameza. Hiyo ni kazi ileile ya amiba. Mwaka 1998 maabara ya Peter Devreotes huko Baltimore iliunganisha protini moja ya amiba na protini ya kijani inayong'aa, ikaona kwa hadubini jinsi inavyojikusanya kwenye ukingo wa mbele wa seli, upande unakotoka mwito. Miaka miwili baadaye mpangilio kama huo ulionekana katika seli za binadamu za jamii ya neutrofili.

Amiba huyu ana sifa nyingine inayompendeza mtafiti: kwa kawaida hubeba nakala moja tu ya kila jeni. Jeni ikiharibiwa, hakuna ya akiba ya kuficha athari. Mwaka 1987 watafiti wa California waliwaondolea amiba miosini, protini inayofanya kazi pia katika misuli yetu. Wengi wangetarajia seli hizo zisitambae kabisa. Zilitambaa, ingawa kwa shida. Kilichozishinda ni kugawanyika zikiwa zimeelea katika kimiminika: ziliendelea kunenepa, zikajaza viini vingi ndani ya mwili mmoja. Hivyo ikajulikana kwamba seli inaweza kusonga bila injini iliyodhaniwa kuwa ya lazima, lakini bila injini hiyo haiwezi kujikata katikati kama kawaida.

Sasa turudi kwenye kifua kikuu. Bakteria wake humezwa na seli za kinga za mapafu, lakini badala ya kufa huishi humo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba bakteria hao, pamoja na jamaa yao Mycobacterium marinum anayeugua kwaye samaki, wanaweza kutoka ndani ya amiba kwa kupenya utando wa seli bila kuipasua, na kuingia katika seli nyingine.

Hata hivyo amiba si mgonjwa mdogo. Hana kingamwili, hana mapafu, na hustawi kwenye nyuzi 22 hivi za Selsiasi; katika nyuzi 37 za mwili wetu hufa. Kwa sababu hiyo M. marinum, anayekua vyema kwenye joto la chini kuliko la mwili wetu, hutumika mara nyingi badala ya bakteria wa kifua kikuu wenyewe, na kila kinachoonekana kwa amiba hulazimika kujaribiwa upya katika seli za binadamu. Kumfuga si ghali: sahani ya agari, bakteria wa kumlisha, hadubini, na chumba chenye ubaridi wa kutosha, ambacho mjini Dar es Salaam ndicho huenda kikawa gharama kubwa kuliko vyote.